"AT GUNPOINT": neno la Kiingereza lililotaka kumzika mjomba wangu



Leo tuziweke pembeni habari za barabara na bei ya maharage, tukae na neno moja tu la Kiingereza: "gunpoint". Mdau mmoja anayejiandaa kurudia mtihani wa kidato cha nne aliniuliza maana yake na namna ya kulitungia sentensi. Nikamwambia subiri, hili nitaliandikia makala nzima, maana mimi na neno hili tuna historia. Mimi ni mtoto wa Ntobeye, wilaya ya Ngara, mkoa wa Kagera. Huku kwetu habari za watu kusimamishwa njiani kwa bunduki hatukuanza kuzisoma gazetini.

Kisa chenyewe ni hiki. Nilikuwa kidato cha tatu. Mjomba wangu, kaka yake mama, alikuwa amepeleka maharage Biharamulo, akauza, anarudi na hela yake kwenye pikapu pamoja na wafanyabiashara wenzake. Walipofika kwenye pori wakaibuka watu watatu, mmoja ana bunduki. "Shukeni, laleni chini." Wakalala. Wakachukua hela zote, wakachukua simu, wakachukua hata koti la mjomba, kisha wakapotelea porini. Risasi haikupigwa hata moja. Mjomba akafika nyumbani usiku anatetemeka, lakini mzima wa afya.

Kesho yake nikashuka Ngara mjini, nikaingia kafe ya intaneti, nikalipia nusu saa. Nikamwandikia imeli binamu yangu, mtoto wa mjomba, aliyekuwa anasoma Kampala. Mtauliza kwa nini niliandika kwa Kiingereza. Sifa tu jamani! Yeye anasoma Uganda, na mimi nikataka aone huku hatujalala. Nikaandika hivi: "Your father was gunned in the forest. They took all the money." Nikabonyeza kutuma, nikaenda zangu kunywa chai.

Binamu akaisoma jioni. Sasa anayesoma magazeti ya Kiingereza akiona "gunned", kichwani mwake anamalizia mwenyewe "down". Na "gunned down" maana yake ni kupigwa risasi ukaanguka, na mara nyingi ukafa. Akapiga simu ya baba yake, haipatikani. Ingepatikana vipi wakati ipo kwa majambazi? Mimi simu sikuwa nayo. Usiku uleule akakopa nauli, akapanda basi. Alfajiri akiwa Mutukula mpakani ndipo alipopata namba ya jirani yetu mmoja, na jirani akakimbia na simu hadi kwa mjomba.

"Shikamoo..." sauti inalia.

"Marahaba. Mbona unalia, nani amekufa?"

Binamu alikaa chini palepale mpakani. Na mjomba aliyeporwa juzi yake ndiye aliyetakiwa kutafuta nauli ya kumrudisha mtoto shuleni. Mimi hata sisemi nilifanywa nini siku ile.

Sentensi niliyopaswa kuandika ni hii: "Your father was robbed at gunpoint. He is not hurt." Yaani baba yako ameporwa kwa kutishiwa bunduki, hajaumia. Maneno kumi tu, na hela ya kafe ingekuwa ileile.

MAANA YAKE HASA

Neno limeunganishwa kwa maneno mawili, "gun" yaani bunduki na "point" yaani ncha. Huandikwa pamoja kama neno moja, na mkazo unakaa mwanzoni: GAN-point. Lakini hiyo "point" ikumbukwe pia kama kitendo, "to point", kuelekeza au kunyooshea kitu. Hapo ndipo penye roho ya neno. Ili iwe "at gunpoint" lazima wawepo watu wawili: mwenye bunduki, na aliyeelekezewa. Halafu kuna jambo ambalo huyu wa pili analifanya, au anafanyiwa, ambalo asingelikubali kama ile bunduki isingekuwepo. Anatoa hela, analala chini, anasaini karatasi, anapanda gari asilolijua.

Na sikilizeni hapa, maana hapa ndipo nilipoharibu mimi: neno hili lenyewe halisemi kwamba risasi ilitoka. Ukisema mtu aliporwa "at gunpoint" umesema alitishiwa, basi. Kama risasi ilipigwa ni lazima uongeze sentensi nyingine. "They robbed him at gunpoint and then shot him in the leg." Walimpora kwa kumtishia bunduki, kisha wakampiga risasi mguuni. Hayo ni matukio mawili, na Kiingereza kinayataja mawili.

Kiswahili chetu nacho kinayo picha ileile, tunasema "kwa mtutu wa bunduki". Mtutu ni lile bomba linalotoa risasi, kwa hiyo Waswahili na Waingereza wote wameangalia sehemu moja, pale mbele ambapo aliyetishiwa anapaona vizuri kuliko alivyoiona sura ya mwenye kushika. Mjomba hadi leo ukimuuliza yule jambazi alifanana vipi hawezi kukuambia. Ila lile tundu la bunduki anaweza kukuchorea.

Kuna namna nyingine za kusema: kumnyooshea mtu bunduki, kumwelekezea bunduki, kumtishia kwa silaha. Na ipo ya waandishi wa magazeti yetu ya Tanzania, mnaijua: "majambazi waliwaweka abiria chini ya ulinzi". Nani asiyeijua hiyo! Lakini jaribu kuipeleka neno kwa neno kwenye Kiingereza, "the bandits put the passengers under protection". Mzungu akisoma atadhani majambazi walikuwa wema, wamewalinda abiria wasidhuriwe na simba. Sahihi yake ni "The bandits held the passengers at gunpoint". Kwa hiyo mdau wangu wa mtihani, ukikutana na "chini ya ulinzi" kwenye habari ya majambazi, ukaona ni bunduki walizoshika, chukua "held at gunpoint" bila woga. Ikiwa ni polisi wamemweka mtuhumiwa chini ya ulinzi, hiyo ni habari nyingine, hapo wanasema "under arrest" au "in custody".

MBELE YAKE INAKAA "AT"

Sisi Waswahili "kwa" yetu inafanya kazi zote: kwa basi, kwa panga, kwa furaha, kwa mjomba. Ndiyo maana tukifika kwenye Kiingereza tunaandika "by gunpoint" au "with gunpoint". Kiingereza sanifu ni "at gunpoint", na usiweke "a" wala "the" katikati. "At a gunpoint" ni kosa. Na hata majambazi wakiwa kumi na bunduki kumi bado ni "at gunpoint", haliongezwi "s". Ukitaka kuirefusha unaweza kusema "at the point of a gun", hapo ndiyo "the" na "a" zinarudi.

Kitendo kinachotangulia ndicho kinachoamua habari. Vinavyokaa vizuri na neno hili ni hivi: "rob" kupora, "hold" kuzuia, "force" kulazimisha, "order" kuamuru, "abduct" na "kidnap" kuteka mtu, "hijack" kuteka chombo. Polisi pia wamo: "The police arrested three suspects at gunpoint" ni Kiingereza safi, maana yake walikamatwa huku wameelekezewa bunduki. Neno halina ubia na majambazi peke yao.

Tukiwa hapohapo, kuna kosa la "steal" na "rob" linalonikera kuliko yote. Kwa Kiswahili unasema "wameniibia", mtu unamwibia. Basi mwanafunzi anaandika "They stole me at gunpoint". Hiyo inamaanisha wamekuiba WEWE, wamekubeba kama mbuzi! Kiingereza kinaiba kitu na kinapora mtu. "They stole my phone." "They robbed me." Ukitaka vyote kwa pamoja: "They robbed me of my phone at gunpoint."

SENTENSI ZA MATUKIO YA KWELI

Walimu wengi hutoa mfano wa John na Mary. Mimi naona afadhali matukio yetu wenyewe, yanakaa kichwani.

Tarehe 27 Juni 1976 ndege ya Air France iliyotoka Tel Aviv kwenda Paris ilitekwa baada ya kupita Athens, ikaishia Entebbe, Uganda, enzi za Idi Amin. Mateka walikaa pale hadi makomandoo wa Israeli walipovamia uwanja usiku wa kuamkia tarehe 4 Julai. "The hijackers held the hostages at gunpoint at Entebbe." Unaona "at" mbili, ya kwanza ya bunduki na ya pili ya mahali. Zinaruhusiwa kukaa karibu.

Sisi kanda ya ziwa tunayo ya kwetu. Tarehe 26 Februari 1982 ndege ya Shirika la Ndege Tanzania, Boeing 737, iliyokuwa inatoka Mwanza kwenda Dar es Salaam ilitekwa na vijana wa Kitanzania waliotaka Mwalimu Nyerere ajiuzulu. Ikapita Nairobi, Jeddah na Athens hadi uwanja wa Stansted, Uingereza, na huko ndiko walikojisalimisha tarehe 28. Hapo sentensi ni "Young men hijacked the plane and demanded that the President resign". Angalia sikuweka "gunpoint". "Hijack" yenyewe imekwishabeba vitisho ndani, ukiiongeza si kosa, ila iongeze pale tu unapotaka msomaji aione bunduki.

Na ya karibuni kidogo ni ya mfanyabiashara Mohammed Dewji, alfajiri ya tarehe 11 Oktoba 2018, Oysterbay Dar es Salaam, alipokuwa anaingia mazoezini. Watu wenye silaha walimchukua, akapatikana tarehe 20 mwezi huohuo. "He was abducted by gunmen" ndivyo magazeti mengi ya nje yalivyoandika. "Gunman" ni mtu mwenye bunduki aliyekuja kwa ubaya, wakiwa wengi ni "gunmen". Askari wa doria hawezi kuitwa "gunman" ingawa bunduki anayo. Ndugu zangu wa mitandaoni hili hulikosea sana.

Linganisha na Chuo Kikuu cha Garissa, Kenya, tarehe 2 Aprili 2015. Pale waliuawa watu 148, wengi wao wanafunzi. Ukiandika tu kwamba wanafunzi wa Garissa walishikiliwa "at gunpoint" umeipunguza habari hadi inakuwa uongo. Pale ndipo mahali pa "gunned down". Mimi nilizidisha kwa mjomba, mwingine anaweza kupunguza kwa wafu. Yote mawili yanaumiza watu.

KWETU NGARA, NA SENTENSI NGUMU

Wasiojua jiografia: Ngara imekaa kwenye kona, upande mmoja Rwanda na mwingine Burundi. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, wakati wa mauaji ya kimbari, karibu watu 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia kwetu ndani ya saa 24 hivi. Eneo la Benaco likageuka mji. Radio Kwizera mnayoisikia hadi leo ilianzishwa mwaka 1995 kwa sababu ya wakimbizi hao. Pamoja na watu waliokuwa wanakimbia roho zao ziliingia pia silaha, kwa sababu vita vya nchi mbili vilikuwa mlangoni. Ndiyo maana miaka ya 1990 na ya 2000 kwenye mapori ya Ngara na Biharamulo magari yalikuwa yanasubiriana, yanakwenda msafara na polisi wenye bunduki. Eskoti tulikuwa tunaiita, na mpaka watoto wadogo walilijua hilo neno kabla ya kujua "good morning". Mwaka 2013 Rais Kikwete akiwa ziarani mkoani Kagera aliagiza wenye silaha haramu wazisalimishe na wahamiaji haramu waondoke, na Septemba mwaka huo ikaanza Operesheni Kimbunga kwenye mikoa ya Kagera, Geita na Kigoma.

Sasa sentensi ngumu ni ya Desemba 1996. Serikali yetu pamoja na UNHCR walitangaza kwamba wakimbizi wa Rwanda wawe wamerudi kwao ifikapo tarehe 31 ya mwezi huo. Wengi hawakutaka. Wakatoka makambini kwa maelfu, lakini wakashika njia ya kuingia ndani zaidi ya Tanzania badala ya kwenda Rusumo. Wanajeshi na polisi wakawazuia, wakawageuza. Karibu nusu milioni wakavuka kurudi Rwanda mwezi ule.

Tunaiandikaje kwa Kiingereza? Chagua:

"The refugees returned to Rwanda."

"The refugees were forced back to Rwanda."

"The refugees were marched back to Rwanda at gunpoint."

Ya kwanza ndiyo lugha ya ofisini, haina mtu aliyelazimishwa. Ya pili inakubali kwamba nguvu ilitumika. Ya tatu inaweka bunduki mbele ya uso wa kila mmoja wa watu nusu milioni. Mimi sikuwepo, nilikuwa sijazaliwa. Ninachoweza kusimama nacho ni kwamba walinzi walikuwa askari na askari walikuwa na silaha. Kwa hiyo mimi ningeandika "Armed soldiers turned them back towards Rusumo". Mkimbizi aliyekuwepo barabarani akaniambia yeye binafsi alinyooshewa bunduki, nitaandika "at gunpoint" kwa habari yake yeye, na nitasema ni yeye aliyeniambia. Najua wapo watakaoniona mwoga kwa hili. Haya, niiteni mwoga, lakini neno linalomshitaki mtu sitaki kuliandika kwa kukisia, nimeshakisia mara moja na mmeona ilivyokuwa.

Halafu si kila anayetishia ana bunduki. Kiingereza kina "at knifepoint" kwa kisu, mfano "She was robbed at knifepoint". Kwa panga hawana neno la namna hiyo lililozoeleka, unasema "They threatened her with a machete". Usijitungie "pangapoint", nimeiona mahali, sitaji ni wapi.

KITUO CHA POLISI WALIULIZA SWALI LILELILE

Turudi kwa mjomba. Alipokwenda kutoa maelezo polisi alisema, "Wakatoa bunduki, nikawapa hela." Afisa aliyekuwa anaandika akasimamisha kalamu. "Mzee, bunduki alikuelekezea wewe au alikuwa ameishika tu?" Mjomba akaona anachezewa. Mtu ameporwa, unamuuliza bunduki iliangalia wapi! Akajigonga kifuani: "Ilikuwa hapa, afande. Hapa." Ndipo ikaandikwa.

Baadaye sana nilielewa kwamba lile lilikuwa swali la maana kuliko yote. Kwa Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, Sura ya 16, wizi wa kawaida adhabu yake inafika miaka saba. Unyang'anyi wa kutumia silaha, ambao Waingereza wanauita "armed robbery", upo kifungu cha 287A, na adhabu yake ni kifungo kisichopungua miaka 30. Kosa hilo pia halina dhamana. Kati ya miaka saba na thelathini kuna maisha ya mtu, na kinachotenganisha ni silaha pamoja na nguvu au tishio kwa mwenye mali. Mahakama ya Rufani imekwishasema kwenye kesi zaidi ya moja kwamba hati ya mashtaka ya unyang'anyi lazima ioneshe hiyo nguvu au hilo tishio lilielekezwa kwa nani. Usipoonesha, kesi inaweza kuanguka hata kama kila mtu kijijini anajua nani aliiba.

Yaani ile "point" ya kwenye "gunpoint", mahakamani inaulizwa kwa jina: alielekezewa nani?

Na fikirieni safari ya maneno. Bibi wa kijijini anasimulia kwa Kihangaza, mjukuu anatafsiri kwa Kiswahili, polisi anaandika, na ikifika mahakama ya wilaya au Mahakama Kuu kumbukumbu zilikuwa zinaandikwa kwa Kiingereza. Sheria ilibadilishwa mwaka 2021, Kiswahili kikafanywa lugha ya mahakama. Kabla ya hapo, "walininyooshea bunduki" ya bibi ilitegemea mtu wa tatu au wa nne kuigeuza vizuri. Akiandika "they had a gun" tishio kwa bibi limepotea. Akiandika "they shot at me" bibi ataonekana mwongo siku atakapoulizwa risasi ilipiga wapi. Kwa hiyo msiniambie sarufi ni mambo ya darasani.

Ndivyo ilivyo hata kwenye mikataba. Sheria yetu ya mikataba inataka ridhaa ya hiari. "He signed the agreement at gunpoint" maana yake sahihi yake ipo lakini hiari haikuwepo, na anaweza kuomba mkataba huo utenguliwe.

NDUGU ZA NENO HILI

Haraka haraka, maana nusu saa za watu zinakwisha. "Gunshot" ni mlio au jeraha la risasi moja: "We heard a gunshot." "Gunfire" ni milio mfululizo, haina wingi. "Ambush" ni kuvizia, ndicho kinachofanyika porini kabla ya hayo mengine yote. "Loot" ni kupora kwa wingi wakati wa vita au vurugu, kama askari wa Amin walivyofanya huku Kagera walipovamia mwaka 1978, wakabeba ng'ombe na mabati. "Hostage" ni mateka anayeshikiliwa ili kitu fulani kitolewe. "Hold-up" ni tukio lenyewe la kusimamishwa na kuporwa, ila wenzetu wanaitumia pia kwa foleni au ucheleweshaji, kwa hiyo "Sorry, there was a hold-up" ya mtu wa ofisini wala usimpe pole ya majambazi.

Kuna pia utani wake. Mtu akilalamika kuhusu jambo alilolichagua mwenyewe, Waingereza humwambia hakuna aliyemshikia bunduki kichwani. Wana pia "shotgun wedding", harusi ya haraka kwa sababu binti amepata mimba, na jina linatokana na picha ya baba mkwe aliyesimama na bunduki nyuma ya bwana harusi. Sisi tuna ndoa ya mkeka, kijana anafumaniwa jioni, usiku ameshaoa. Bunduki haipo lakini wazee wa kikao wanatosha! Mimi binafsi siupendi sana utani huu wa bunduki. Ukikulia mahali ambapo basi lilikuwa haliondoki bila askari, "at gunpoint" haiwi utani wa kuchekea kocha aliyelazimishwa kumpanga mchezaji. Ila kwenye Kiingereza cha michezo mtakutana nayo, msishangae.

KWA MDAU WA MTIHANI

Ukiambiwa utunge sentensi, usiandike "Gunpoint is bad". Hiyo haioneshi kama umeelewa. Weka nani, alifanywa nini, kisha "at gunpoint", halafu mahali au wakati. Kama hivi: "Two traders were robbed at gunpoint near the forest last night." Ukitaka mtenda aonekane: "A masked man forced the driver to stop at gunpoint." Hii ya pili ina mtego kidogo, msomaji anaweza kujiuliza kama "Gunpoint" ni jina la kituo cha basi! Ihamishe: "A masked man forced the driver at gunpoint to stop." Tayari.

Na ukiandika habari ya ndugu wa mtu, hali yake iweke kwenye sentensi ya kwanza kabisa, kabla ya bunduki, kabla ya hela. Binamu yangu siku hizi nikimtumia kitu chochote kwa Kiingereza hunijibu kwanza, "Is he alive?" Miaka imepita na bado ananidai nauli ya Mutukula.

Haya, uwanja ni wenu hapo chini. Kila mtu aweke sentensi yake moja, nitapita jioni kusahihisha. Atakayeandika "by gunpoint" baada ya yote haya, atanunua soda.